Taa ya Shubakani

Mama yangu alianguka uani kwetu mwaka 2017, saa kumi na nusu alfajiri, chini ya taa kali kuliko zote tulizopata kuwa nazo katika nyumba ile. Natanguliza jambo hili kwa sababu, kama si hilo, nisingejishughulisha na historia ya taa, wala nisingeandika kurasa hizi. Mimi si fundi umeme wala mtaalamu wa mambo ya kale. Nilikuwa mwalimu wa shule, nami nimestaafu. Na mwalimu aliyestaafu hupenda kuuliza kila kitu kimetoka wapi, hata pale ambapo wenziwe wangependa anyamaze, ashike ngazi, na fundi aendelee na kazi yake.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Unguja, na imejengwa kama zilivyojengwa jirani zake: kuta za mawe ya matumbawe zenye unene unaozidi nusu mita, zilizoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa kuombwa. Katikati kuna ua ulio wazi juu. Kutoka mlango wa nyuma unashuka vidato vitatu vya mawe, vilivyolika katikati kwa nyayo za watu, ndipo ufike kwenye birika. Mama alikuwa akishuka vidato vile kila alfajiri kwenda kutia udhu. Alivishuka tangu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu kwa mtoto wa jicho, mimi nikaona dawa ni mwanga. Nikanunua taa kubwa ya nje, ya LED, nikaitundika juu ya mlango, ikaangaza ua mzima hata paka wa jirani wakahama. Nilijiona mtoto mwema. Haukupita mwezi, mama akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Nilipomuuliza hospitali ilikuwaje, na taa ilikuwa ikiwaka, alinijibu maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Baba, taa yako inanipiga usoni. Ngazi siioni."

Siku chache baadaye nilikwenda kusimama pale mlangoni saa ile ile, nikageuka kuitazama taa, kisha nikatazama chini. Alisema kweli. Taa iliyo juu na nyuma ya mtu humtupia kivuli chake mwenyewe mbele ya miguu yake, na anaporudi humchoma machoni. Jicho lenye mtoto wa jicho halipitishi mwanga mkali kwa unyoofu; linautawanya, mtu akaona weupe mtupu kama anayetazama kupitia kioo kilichopuliziwa pumzi. Kidato cha tatu, palipoanguka kivuli, kilikuwa shimo jeusi. Niliweka mwanga mwingi pasipohitajika, na giza mahali pa mguu.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mgawo mkubwa wa giza.

Msomaji aliyekuwa Unguja hahitaji kusimuliwa, lakini kwa mwengine nitaeleza. Umeme wetu huja kutoka Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, iliyoanza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa kilikaa bila umeme kwa takriban mwezi mmoja. Tukadhani tumeonja la kuonja. Kisha Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010: miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, majenereta yakanguruma mchana na usiku mbele ya mahoteli na maduka, na sisi wengine tukarudi kwenye mishumaa. Kebo mpya, yenye uwezo wa megawati 100, iliyogharimiwa na Marekani, ilianza kazi mwaka 2013.

Katika miezi ile mitatu mimi nilijikwaa kila mahali. Nilikuwa na tochi ya Kichina yenye vitaa vidogo vyeupe vinavyoelekea buluu, na popote nilipoielekeza niliona duara moja tu la mwanga, na nje ya duara sikuona kitu. Mama hakujikwaa hata mara moja. Aliteremsha vibatari viwili kutoka darini, akavitia mafuta, akavisokota tambi, akaviweka ndani ya mashubaka: kimoja ukumbini, kimoja kwenye ukuta wa ua. Ndimi mbili za moto zisizozidi ukucha, na nyumba nzima ikapitika. Wakati ule nililiona jambo lile kuwa uzoefu wa mtu mzima tu. Sikutambua kwamba alikuwa akiitumia nyumba kama waliyoijenga walivyokusudia.

Shubaka, kwa asiyelijua, ni tundu la ukutani lisilotokea upande wa pili, lililochongwa na kupigwa lipu ya chokaa ili kuwekewa taa. Lisichanganywe na zidaka za Lamu, zile safu kwa safu za vijumba vya lipu vilivyonakshiwa katika nyumba kubwa za karne ya 18, ambazo kazi yake ilikuwa kupanga vyombo vya kaure na kumjulisha mgeni kwamba mwenye nyumba si mtu hivi hivi. Zidaka ni fahari. Shubaka ni kitumishi. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 na kuanza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948, yana vishubaka vya taa kwenye kuta za jumba la mfalme. Nami sina haja ya kumkumbusha Mwislamu kwamba aya ya 35 ya Surat Nur, inapotaka kupiga mfano wa nuru, haitaji jua wala mwezi, bali inataja taa iliyo ndani ya shubaka. Nilikuwa nikiisoma aya ile tangu chuoni, na sikupata kujiuliza kwa nini ikawa shubaka.

Sababu ni za kifundi, na ni nzuri. Ukuta wa nyuma wa shubaka, ukiwa mweupe kwa chokaa, huurudisha mwanga mbele, kwa hivyo moto mdogo hufanya kazi ya mkubwa. Kingo zake huuzuia upepo. Moshi na masizi hubaki mle mle. Moto hauko njiani pa watoto na kanzu. Na lililo muhimu kuliko yote kwa mama yangu: taa inapozama ndani ya ukuta, anayepita kando haoni moto wenyewe, anaona kile unachoangaza.

Mafuta ya kwanza yalikuwa ya nchi: ya nazi na ya ufuta, na utambi wa pamba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya kisima kuchimbwa Pennsylvania mwaka 1859, Wamarekani, ambao tayari walikuwa wakituletea nguo tuliyoiita merikani, waliongeza mafuta yaliyotoka ardhini. Watu wa pwani hawakuhangaika kuyatafutia jina kubwa. Waliyaita mafuta ya taa, na mafuta ya taa yakabaki hata leo yanapopikia ugali. Yalikuja katika mikebe ya bati ya galoni nne, na mikebe hiyo ndiyo madebe yetu. Mafuta yakaisha, debe likabaki: likawa kipimo cha mahindi na cha mchele, likatekea maji kisimani, likakunjuliwa kuezekea vibanda. Vipande vya bati na vikopo vikawa vibatari na koroboi. Sijui kitu kingine kilicholetwa na biashara ile kikatumika kwa ukamilifu namna hii, ganda na kokwa.

Kisha zikaja taa za chemni, na karabai za kupampu kwa harusi na maulidi. Umeme nao ukaingia. Inasimuliwa kuwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme, na kwamba watu walikuwa wakienda Forodhani jioni kulitazama tu. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nilikwenda kusimama mbele ya kifusi pamoja na wengine, na hatukuwa na la kusema. Umeme ulipotoka majumba ya wakubwa ukafika nyumba zetu, globu ilitundikwa katikati ya dari, na mashubaka yakakosa kazi. Kwetu sisi yakawekwa funguo, dawa ya mbu, na risiti zilizokwisha maana. Lile la uani lilizibwa kabisa kwa saruji, na baba ndiye aliyeziba, kwa kuwa mijusi walikuwa wakitaga humo.

Basi baada ya mkono wa mama kupona, niliamua kuweka taa ndogo za LED zinazozama ukutani, kimo cha goti, zimulike vidato na njia ya kwenda birikani, na ile taa kubwa niiteremshe. Nilikuwa nimeona taa kama hizo kwenye baraza za mahoteli. Nikatafuta kwanza kujua ni kitu gani hasa ninachotaka kukitia katika ukuta wa babu zangu.

Nilifurahi kugundua kwamba kitu chenyewe ni kizee kuliko nilivyodhani. Mwaka 1907, Henry Joseph Round, Mwingereza aliyefanya kazi na Marconi, alipitisha umeme katika fuwele ya kaborandamu, akaona inatoa mwanga bila kuwaka moto. Akaandika barua fupi kwenye jarida, akaendelea na mambo ya redio. Katika miaka ya 1920 Oleg Losev, fundi kijana wa Urusi ambaye hakuwa na shahada yoyote wakati huo, alilichunguza jambo hilo kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yake. Alikufa kwa njaa mwaka 1942, mji wa Leningrad ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1962 Nick Holonyak akapata taa nyekundu inayoonekana kwa macho, huko Marekani. Nyekundu zikapatikana, na kijani, lakini buluu ikakataa kwa karibu miaka thelathini, na bila buluu hakuna nyeupe.

Walioipata ni Wajapani: Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano katika Chuo Kikuu cha Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ndogo ya kemikali iitwayo Nichia, ambaye taa yake ya buluu yenye nguvu ilitangazwa mwaka 1993. Buluu ilipopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa manjano, macho yetu yakaona nyeupe. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nakamura, kwa uvumbuzi huo, alipewa na mwajiri wake bahashishi ya yen 20,000, pesa isiyotosha kununua hata televisheni nzuri. Akaenda mahakamani, na mwaka 2005 wakasuluhishana kwa yen zipatazo milioni 840. Nilipomsimulia mama habari hii alisema yule wa kufa na njaa ndiye wa kuombewa.

Fundi niliyempata alikuwa kijana, mpole, na anayejua kazi yake kuliko nilivyotaka kukiri. Alinishauri mambo matatu, nami nikayakataa yote. Alisema tusitumie taa za alumini, kwa sababu chokaa mbichi na saruji huila alumini, na hewa yetu ya chumvi humalizia. Tutafute za shaba au chuma kisichopata kutu. Nikatazama bei nikasema za alumini zinang'aa vizuri. Alisema matundu yazibwe kwa chokaa, si kwa saruji, kwa kuwa ukuta wa matumbawe hupumua, na ukiuziba kwa saruji unyevu na chumvi hutafuta pengine pa kutokea. Nikasema chokaa inachelewa kukauka, na mwezi wa Ramadhani umekaribia. Alisema chini ya kila tundu tuache njia ya maji. Nikamwambia, taa imeandikwa haiingii maji.

"Haya, mzee wangu," akasema, akashika drili.

Matumbawe hayakatiki kama tofali. Msumeno wa duara huanza vizuri, halafu jiwe linamomonyoka, ukitaka tundu la sentimita saba unapata la kumi na mbili. Tulitoboa matundu saba, tukapitisha waya ndani ya mabomba ya plastiki, transfoma tukaiweka ukumbini mahali pakavu, ikishusha umeme mpaka volti 12, ambazo hata mtoto akizigusa kwa mkono mbichi hazimdhuru. Kila taa wati mbili. Usiku wa kwanza tulikaa uani mpaka saa sita tukitazama ukuta kama wale waliokwenda kutazama Beit al-Ajaib.

Masika ya 2018 yakaua tano kati ya saba.

Fundi alizitoa, akanionyesha. Ndani ya vioo kulikuwa na maji, kama kijiko cha chai. Nilidhani yamepita mbele, kumbe yamepita nyuma. Alinieleza, nami nikaona ni kweli, kwamba taa inapowaka hewa iliyo ndani hupanuka, na inapozimwa hewa hupoa na kunywea, ikavuta chochote kilicho karibu. Na kama maungio ya waya yamelala katika unyevu, maji hupanda katikati ya nyuzi za waya kama mafuta yanavyopanda utambi. Tundu langu la saruji lilikuwa kikombe kilichojaa maji, na taa ilikuwa ikiyanywa kila alfajiri. Tena LED si kama moto wa kibatari ambao joto lake hupanda juu likaenda zake. Joto lake hurudi nyuma, kwenye kiwiliwili cha taa, na ukikikandika saruji pande zote bila nafasi, taa hujipika. Nami nilikuwa nimeziba kila upenyo kwa bidii.

Tukaanza upya. Safari hii taa za shaba, nne tu, za mwanga wa manjano wa kelvini 2,700 badala ya ule mweupe wa hospitali. Maungio yakafungwa ndani ya vikopo vilivyojazwa jeli isiyopitisha maji, na waya ukaning'inizwa kitanzi kabla ya kuingia kwenye taa, ili tone lidondoke lisifuate. Kokoto chini ya kila tundu. Chokaa ililowekwa wiki kadhaa, nami nikangoja, Ramadhani ikaja ikapita. Ilipokuwa ikibanduliwa saruji ya kwanza, patasi ya fundi iligonga mahali panapolia wazi, kando ya kidato cha tatu. Akagonga tena. Akaniita.

Lilikuwa shubaka lililozibwa na baba. Lilikuwa kimo cha goti, mahali pale pale nilipopima kwa kamba na kuweka alama kwa chaki nikajiona nimevumbua. Juu kidogo, upande wa pili wa vidato, tukakuta jingine dogo ambalo hata mama alikuwa amelisahau. Aliyejenga nyumba alikwisha kulipigia hesabu jambo hili, mguu kwa mguu, na sisi tuliziba majibu yake kwa saruji kisha tukaanza kuyatafuta kwa drili.

Shubaka kubwa tulilitia taa bila kutoboa chochote, tukaificha kwenye ubavu wa ndani ili isionekane mpitaji anaposhuka. Mwanga ukagonga chokaa, ukamwagika juu ya kidato. Mama alitolewa nje, akasimama juu, akashuka bila kushika ukuta. Akapanda, akashuka tena. Kisha akasema lile dogo nisilitie umeme.

"Umeme huondoka," akasema.

Akaweka humo kibatari chake. Kila Ijumaa alikitikisa kusikia kama bado kina mafuta. Kilipata kazi mara nyingi, kwani umeme kweli huondoka, ingawa siku hizi hurudi.

Mama alifariki mwaka 2021, kitandani, kwa maradhi mengine. Hakuanguka tena. Swichi ya saa niliyoifunga ili taa ziwake saa kumi alfajiri bado iko vile vile, na wanangu hulalamika kwamba mwanga unapita chini ya mlango wao. Mwaka huu transfoma ilikufa, ikaja nyingine. Fundi, ambaye sasa ana ndevu na vijana wawili wa kumsaidia, alipokuwa akiifunga, mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa amechuchumaa kando ya kidato akichungulia shubaka dogo. Akaniuliza waya wake umepita wapi. Nikamwambia hilo halina waya. Hakuniamini, akatia mkono akapapasa juu, na kidole chake kilipotoka kilikuwa cheusi.